Kuugua kwa Muda Mfupi

Mume wangu hakuugua. Naanza na hilo kwa sababu mimi nikianza kusimulia huwa napotea njiani, na hilo sitaki lipotee. Alikuwa mtu wa afya, meno yake yote mdomoni, mtu wa kubeba kikapu cha majani ya chai mpaka kituoni bila kukitua. Alikatwa panga mchana, nyumbani kwake, upande wa Chepseon, mwaka ule wa kwanza wa kura ya vyama vingi. Na mimi nilitaka redio iseme hivyo. Sikutaka mengi. Nilitaka neno moja, "aliuawa", lisomwe kwenye matangazo ya vifo ya mchana ili watu wake wote walisikie. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi na halijapoa, kwa hiyo atakayechoka na aweke karatasi chini akanywe chai.

Shule nilienda kidogo. Darasa la tatu nilitolewa nikamshike mtoto wa mama mdogo, na kusoma nikakumalizia kanisani kwenye Biblia. Ndiyo maana herufi zangu ni kubwa kubwa.

Sisi asili yetu ni Kisii. Mume wangu alitoka kwao akiwa kijana akaenda Kericho kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, na huko kambini ndiko alikokutana na redio. Kulikuwa na kipaza sauti juu ya mlingoti karibu na duka la kambi. Jioni kikifunguliwa wachumaji wote walikaa chini ya mlingoti ule, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, wakamsikiliza mtu wa Nairobi akisema Kiswahili kilichonyooka kama kamba ya fundi. Alikuwa akiniambia, "Nilihisi ananiita mimi." Nyapara alimwita ng'ombe kutwa nzima, na jioni mtu mwenye sauti nzuri akamwita mwananchi. Basi akampenda yule wa jioni.

Enzi zile za zamani, redio ilikuwa na leseni kama mbwa na baiskeli. Baba mkwe wangu alikuwa na mbwa asiye na leseni, na kila askari akipita mbwa alitiwa chini ya kitanda na mama mkwe akaanza kukohoa kwa nguvu ili kubweka kusisikike. Lakini hiyo tuiache.

Mume wangu alifanya kazi kambini mpaka akapata kipande cha shamba huku Chepseon, kwa Mkipsigis mmoja aliyekuwa na ardhi iliyompita nguvu. Akapanda chai yake mwenyewe, tukahama, tukazaa. Na mwaka ule ule wa kununua shamba akanunua redio. Sijui alipenda ipi zaidi. Ilikuwa ya mkono, yenye mfuko wa ngozi wa kahawia na waya mrefu wa kunasa mawimbi, na mahali pake palikuwa kwenye msumari juu ya kiti chake barazani. Kile kidude cha kuzungusha stesheni alikifunga kwa kipande cha blada ya baiskeli ili mtoto asikisogeze. Ilikaa pale pale kwenye stesheni ya Kiswahili, usiku na mchana.

Wakati huo stesheni hazikuwa nyingi kama leo, hizi za vijana kucheka na kupigiana simu asubuhi. Kulikuwa na ile ya Kiswahili. Kulikuwa na ile ya Kiingereza, ambayo kwetu ilikuwa kama sauti ya mvua, unajua inanyesha lakini haikuambii kitu. Na kulikuwa na ile ya lugha za makabila, kila lugha na saa zake, kama watu wamepanga foleni kwenye bomba moja. Zote mwenyewe alikuwa mmoja, serikali. Saa za Wakipsigis zikifika, mume wangu alifungua blada ile kwa heshima kama anafungua mkoba wa mchungaji, na majirani wakajaa barazani kwetu, wanaume kwenye benchi, wanawake kwenye nyasi, na mimi nikawapikia chai. Saa za Kikisii zikifika nilikimbia mwenyewe na mwiko mkononi. Hatukuwa na ugomvi. Mtu akikuambia leo kwamba tulikuwa tunachukiana tangu zamani, mwambie kuna bibi mmoja alipika chai ya baraza zima.

Jirani aliyekuwa karibu zaidi na mume wangu alikuwa Mkipsigis mrefu, mfugaji, ng'ombe wake wanalala ng'ambo ya ua letu. Yeye alikuwa na redio yake ndogo iliyofungwa kwa nyaya, na siri yake ilikuwa kwamba alisikiliza stesheni za ng'ambo, zile za Kiswahili kutoka Ulaya. Walibishana kila siku.

"Wewe unasikiliza redio ya mwenye nyumba," jirani alimwambia. "Mwenye nyumba atakuambia nyumba yake inavuja?"

"Na wewe unasikiliza redio ya mpita njia," mume wangu akajibu. "Mpita njia anajuaje nyumba inavuja?"

Wakacheka, wakapigana mabega. Lakini mume wangu hakuwa anacheza. Kwake yeye, jambo halikuwa limetokea mpaka stesheni ile ilitaje. Na msimcheke, hakuwa peke yake. Nchi nzima ilikuwa hivyo. Waziri alikuwa anakula chakula cha mchana na gari la bendera liko nje, redio ikasema saa saba kwamba kuna waziri mwingine, na gari likaondoka likamwacha na sahani. Matokeo ya mitihani, bei ya mahindi, nani amefariki, yote yalikuja na saa saba. Kituoni, karani wa mizani alisimamisha kupima majani. Wanawake walisimama barabarani na vikapu mgongoni. Ule mlio wa saa ukilia, hata mimi niliacha kupepeta.

Chifu wetu mmoja alihamishwa. Alipakia vitu kwenye lori mbele ya macho yetu, vitanda, kuku, mke wake akilia. Watu wakamchangia mbuzi. Mume wangu akakataa kuchanga.

"Chifu anaenda wapi? Redio haijasema."

"Baba," nikamwambia, "si huyo hapo juu ya lori?"

"Amepanda lori. Mtu kupanda lori si kuhamishwa."

Yule chifu mwenyewe alimsikia akacheka mpaka akashika tumbo, akasema kutoka juu, "Haya, redio yetu imesema!" Kesho yake ndipo ikatangazwa, na mume wangu akatoa mbuzi wakati hakuna wa kumpa.

Sasa nieleze vifo, kwa sababu vijana wa simu hawajui. Ukifiwa wakati ule, jamaa zako wametawanyika, mmoja Nairobi, mwingine kwenye mpunga Ahero, mwingine amepotelea Mombasa. Uliwaitaje? Ulienda ofisi ya habari mjini ukaandikisha tangazo, nalo likasomwa mchana. "Ni kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha fulani, mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, shemeji ya fulani." Majina yalipangwa kwa ukubwa, na ole wako ukimruka mtu. Nimeona nyumba ya wake wawili ikivunjika kwa sababu mke mdogo alisomwa kwanza. Watu walilia kwa kusikia jina lao kuliko kwa kusikia la marehemu. Aliyesomwa alikuwa wa familia, na aliyeachwa hakuwa. Kilichosomwa pale ndicho kilichokuwa kweli mpaka kaburini na kupita kaburi. Mume wangu aliyapenda matangazo yale, Mungu anisamehe, kama wengine wanavyopenda mpira. Alijua jamaa za watu asiowajua.

Basi ukaja mwaka ule.

Kwanza zilikuja karatasi zimebandikwa kwenye miti na milango ya maduka, usiku, zikisema wageni warudi kwao. Sisi ndio tulikuwa wageni. Watoto wetu walizaliwa pale. Halafu moshi ukaanza kuonekana, mbali, upande wa juu. Mume wangu akatazama moshi ule akasema mtu anachoma makaa. Saa saba ikafika. Mtukufu Rais amefungua kiwanda. Mtukufu Rais amepokea wajumbe. Mwishoni kabisa ikasemwa kwamba hali ni shwari na wananchi wapuuze uvumi.

"Umesikia?" akaniambia. "Uvumi."

"Uvumi gani unatoa moshi?"

Akaongeza sauti ya redio.

Siku chache mbele, jirani akaja asubuhi wakati wa kukamua. Hakupiga hodi ya kawaida. Alipita katikati ya ua, suruali imelowa umande mpaka magotini, na hakutaka kukaa.

"Ndugu yangu, toka hapa. Leo."

"Kuna nini?"

"Kuna vijana wamelala kwenye bonde. Si wa hapa. Wameletwa na lori, na wanalishwa. Wameuliza nyumba za wageni ni zipi, na kuna watoto wetu wamewaonyesha."

"Watoto wenu nani?"

"Usiniulize majina. Nimekuja kwako, hiyo haitoshi?"

Mume wangu akaenda kwenye msumari, akaishusha redio, akaiweka magotini. "Jana wamesema polisi wako kila mahali."

"Umeona polisi mmoja?"

"Nchi ni kubwa. Mimi siwezi kuona nchi yote kutoka hapa barazani."

"Jana stesheni ya ng'ambo imetaja wilaya yetu. Imetaja nyumba kuchomwa."

"Hao wazungu," mume wangu akasema, "wanatuonea wivu kwa sababu sisi tuna amani."

Jirani akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa amelala. "Shemeji, zungumza na huyu mtu. Mimi nimeshindwa."

Nilizungumza. Nilizungumza mpaka nikakosa mate. Alichokubali ni kwamba mimi na watoto twende Kipkelion, kwenye kanisa la misheni, na yeye abaki kwa sababu majani yalikuwa yamekomaa na yakipitiliza kiwanda kinayakataa. "Nitakuja nikisikia kuna jambo," akasema. Najua masikio yake yalikuwa wapi. Alitufungia blanketi mwenyewe, akamkagua mtoto mdogo kama ana viatu. Sikumlaumu wakati ule na leo simlaumu. Mtu amefundishwa maisha yake yote kwamba serikali ni baba, na baba anaongea naye kila mchana kwa upole. Baba atamdanganyaje?

Wale vijana walikuja mchana wa siku ya pili. Hawakumtafuta. Kila mtu wa Chepseon alijua saa saba mume wangu yuko wapi, kwenye kiti gani, na kwamba sauti iko juu, hasikii hatua za mtu. Wakamkata shingoni na begani. Redio waliichukua, na nyumba wakaichoma na paa la mabati likaanguka ndani. Haya niliambiwa na jirani, kwa sababu ni yeye aliyemwokota kwenye majani ya chai alikokuwa amejikokota, akamfunika kwa koti lake la mvua, akabishana na dereva wa lori la maziwa mpaka mwili ukafika chumba cha maiti Kericho. Kwao walimwita msaliti kwa ajili ya koti lile. Alikuja mpaka ukuta wa misheni kuniambia, hakuingia, akaniambia nje barabarani, tumesimama kama watu wanaouliziana bei ya ndizi.

"Hakuteseka sana," akasema.

Alikuwa mwongo mbaya, yule mtu. Hakujua kudanganya. Laiti stesheni ingekuwa kama yeye.

Pale misheni tulikuwa watu wengi, tumelala darasani na kwenye veranda na chini ya lori bovu la padri. Kuna mtu alikuwa na redio. Mchana tulikaa tukaizunguka, sisi tuliochomewa, tukangoja tusikie habari zetu. Ikasema waliokuwa wamehama wamerudi mashambani na wanaendelea na kazi za ujenzi wa taifa. Mzee mmoja aliyekaa juu ya godoro lililoungua upande akasema, "Kumbe tumerudi! Mama, hebu niandalie uji, natoka shambani." Watu wakacheka kicheko ambacho sijakisikia tena na sitaki kukisikia. Wengine walicheka wakilia.

Shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu, akaja kutoka Kisii tupange mazishi. Kuzika Chepseon hakukuwezekana, hata jivu la nyumba lilikuwa lina wenyewe wapya. Tungemzika kwao. Na jamaa zake wametawanyika, kwa hiyo lazima tangazo. Tukaenda ofisi ya habari, mimi na yeye.

Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno. Niliiambia redio moyoni, sawa, yule mtu alikuamini maisha yake yote. Leo utamlipa. Utasema kwa sauti yako ile nzuri kwamba aliuawa nyumbani kwake, na nchi itasikia, na wale wanaokula mchana na redio mezani kijiko kitawakwama. Nilikuwa nimejipa kazi hiyo moja. Nyumba haikuwepo, shamba halikuwepo, hata picha yake haikuwepo. Neno hilo moja ndilo lililobaki la kumfanyia.

Karani alikuwa kijana, shati safi, tai, mkono mmoja unashika kalamu na mwingine unashika chai. Alituonea huruma, siwezi kusema hakutuonea. Aliandika jina, akaandika jamaa kwa mpango wao. Akafika mahali pa kifo.

"Aliugua nini?"

"Hakuugua. Aliuawa. Andika, aliuawa nyumbani kwake, Chepseon, na watu waliotumwa."

Kalamu ikasimama. Akaangalia mlango.

"Mama, pole sana. Hiyo siwezi."

"Kwani ni uongo?"

"Sijasema ni uongo. Nasema siwezi."

"Basi acha 'waliotumwa'. Andika 'aliuawa' tu."

"Mama, hata hiyo ikifika Nairobi inakatwa, na mimi naitwa niulizwe nilikuwa nafikiria nini. Nina mke. Nina mtoto wa kunyonya." Akashusha sauti. "Kuna wengine wamekuja hapa kabla yako. Wote nimewaandikia 'baada ya kuugua kwa muda mfupi'. Inapita vizuri."

"Wote waliugua?"

Alichovya mkate kwenye chai na hakuula.

"Andika 'ghafla'," nikasema. "Kifo kilichotokea ghafla. Hata hilo?"

"Ghafla watu watauliza, ghafla namna gani."

"Ndiyo! Waulize!"

Hapo shemeji yangu akanishika mkono. Alikuwa mtu wa amani, mwalimu wa shule ya msingi, anaogopa mkuu wa wilaya kuliko radi. "Shemeji," akasema, "sisi tunataka watu wajue siku ya mazishi. Maiti inakaa. Siasa tutafanya baadaye."

"Siasa? Ndugu yako kukatwa ni siasa?"

"Usinipigie kelele mbele ya watu. Bwana karani, andika vile inapita."

Akaandika. Nilimwona akiandika, mwandiko wake mzuri, wa kulala upande. Nikasema basi angalau asiondoe Chepseon, pasemwe kwamba alifia Chepseon nyumbani kwake. Akatikisa kichwa kama anayekubali.

Likasomwa mchana, mimi niko pale misheni katikati ya watu. Kwanza habari, na hali ilikuwa shwari. Halafu matangazo. Yule mtangazaji alikuwa ndiye mume wangu aliyempenda kuliko wote, sauti yake kama asali ya msituni. Akasoma jina la mume wangu na hakulikosea. Akanisoma mimi, mke wake mpendwa. Akawasoma watoto. Na akasema alifariki katika hospitali ya Kericho baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Hata Chepseon walimnyang'anya.

Mama mmoja aliyefika misheni asubuhi ile, hajui lolote, akaja akanishika bega kwa upole. "Pole dada. Aliugua nini?"

Sasa, wale wa umri wangu wanajua, na wale vijana lazima niwaambie. Miaka ile, "kuugua kwa muda mfupi" ya mwanamume ambaye bado hajazeeka, aliyekaa mbali na kwao, kambini, mjini, ilikuwa na maana yake. Kulikuwa na ugonjwa huu mpya ambao hakuna aliyetaka kuutaja, na redio nayo haikuutaja waziwazi kwenye vifo, ikaufunika kwa maneno hayo hayo. Watu walikuwa wameshajua kufunua. Wakisikia hivyo walitazamana. Na wale waliokufa nao kweli, nao walikuwa watu wa watu, nao walinyimwa ukweli wao. Lakini mimi nilinyimwa wangu nikapewa wa wengine.

Tulipofika Kisii na jeneza, nililiona kwenye macho kabla sijashuka kwenye gari. Wanawake walinipokea kwa mbali. Walilia vizuri, kwa sauti, lakini kila mmoja alinikumbatia kama anayekumbatia sufuria ya moto. Shangazi ya mume wangu alimtoa mtoto wangu mdogo kwenye kundi la watoto wengine akamkalisha peke yake kwenye mkeka, akampa chakula chake peke yake. Nilidhani ni heshima ya yatima. Halafu nikaona kikombe alichonywea kimetupwa nyuma ya ua.

Jeneza lilikuwa na kioo cha kuonyesha uso. Shemeji alikuwa amelipia hilo, alitaka mambo yawe ya heshima. Uso haukuwa na alama. Damu ilikuwa imemtoka yote, kwa hiyo alikuwa amesinyaa, mashavu yameingia, na suti ya kuazima imemzidi. Walipita mmoja mmoja wakamwangalia, na nikasikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Umeona alivyokonda?"

Niliinuka. Mchungaji alikuwa anafungua kitabu chake. Nikasema, "Fungueni hili sanduku."

"Mama, ngoja kwanza tuombe."

"Fungueni, hawa waone ugonjwa wake."

Shemeji akanikamata kiuno. Nilikuwa mwanamke wa kubeba vikapu vya chai, nikamtupa pembeni, akaangukia wale wa benchi ya mbele. Kifuniko kilikuwa hakijapigiliwa misumari bado. Nikakiinua mwenyewe, nikamfungua vifungo vya shati la kuazima, nikageuza kichwa chake upande kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala vibaya. Waliokuwa mbele waliona. Mchungaji aliona, akafunga kitabu. Shangazi aliona akaanza kupiga yowe, na hilo ndilo yowe pekee la kweli nililosikia siku ile. Halafu mtu fulani, sijui ni nani na nisingependa kujua, akaiashiria kwaya, na kwaya ikaimba kwa nguvu, na wanaume wakafunika sanduku na kulipiga misumari.

Nilijiambia imetosha. Wameona.

Lakini walioona walikuwa watu wa benchi chache za mbele. Waliosikia redio walikuwa nchi nzima.

Niliuza mboga sokoni, nikalima kwa watu, nikalea. Mwisho mwisho wa miaka ya tisini, binti yangu mkubwa akapata mchumba, kijana wa heshima, kinyozi mwenye duka lake huko Keroka. Jamaa zake wakaja kutuona. Nilipika kuku wawili. Wanaume wakakaa na shemeji yangu barazani, na shangazi ya kijana, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akanifuata jikoni akafunga mlango nyuma yake.

"Mama, usinielewe vibaya. Baba ya msichana alikufa na nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, vijana wa bondeni, koti la mvua, karani na mkate wake, jeneza. Moshi wa kuni ulikuwa unatutoa machozi sote wawili. Nikamwambia aende amuulize mchungaji, yuko hai. Aende amuulize shangazi ya marehemu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Akanishika mkono, na nikaona ananiamini, au anataka kuniamini.

"Nimekuelewa, mama," akasema. "Mimi kama mimi nimekuelewa. Lakini siku ile nilikuwa nachagua maharagwe, nikalisikia lile tangazo kwa masikio yangu. Na bwana yangu alilisikia, na ndugu zake walilisikia. Hao wazee nitawaambia nini? Kwamba ilitangazwa vingine na wewe umeniambia vingine jikoni?"

"Basi msichana apimwe damu. Nitampeleka mwenyewe."

"Akipimwa watu watasema kwa nini amepimwa."

Walikula kidogo kwa adabu, wakasema njia ni mbaya na mvua inakuja. Mvua haikuwa inakuja. Yule kijana alitembea nyuma ya wazee wake na kichwa chini mpaka wakapinda kwenye migomba.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na nguo yake mpya. Hakuniuliza wamesemaje. Alivua viatu, akachukua ndoo, akaenda kumkamua ng'ombe, kwa sababu saa ya kukamua ilikuwa imepita na ng'ombe alikuwa analia.